Mkate Uliokauka ni Chakula, Wenye Ukungu ni wa Kutupwa

Mkate ukibaki siku mbili au tatu, familia nyingi hujiuliza kama uliwe au utupwe. Jibu ni rahisi iwapo wakazi watatofautisha mambo mawili: mkate uliokauka na mkate ulioharibika.

Mkate hukauka kwa sababu wanga uliolainika wakati wa kuokwa huanza kukakamaa tena unapopoa. Hali hiyo huenda kasi zaidi mkate ukiwekwa kwenye friji. Mkate wa namna hii hauna madhara, na hulainika tena ukilowekwa kwa maziwa au maji kisha kupikwa.

Ukungu ni jambo lingine. Katika joto na unyevu wa maeneo ya karibu na ziwa, mkate uliofungiwa kwenye mfuko wa plastiki hushika ukungu upesi. Doa moja tu, liwe la kijani, jeupe au jeusi, latosha kuutupa mkate. Nyuzi za ukungu hupenya mahali ambapo macho hayaoni, hivyo kukata sehemu yenye doa hakusaidii. Kupika pia hakusaidii, kwani sumu za baadhi ya aina za ukungu hustahimili moto wa jikoni. Kenya ilishuhudia hatari hiyo mwaka wa 2004, ambapo mahindi yenye sumu ya aflatoksini yalisababisha vifo vya watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Mkate wenye ukungu usipewe kuku wala mifugo wengine.

Iwapo mkate umekauka tu, unaweza kuwa chakula cha jioni cha watu wanne.

Mahitaji
- Nusu ya mkate wa gramu 400
- Mayai 3
- Mililita 400 za maziwa
- Kikombe kimoja cha omena kavu
- Kitunguu 1 na nyanya 2
- Sukuma wiki au mchicha uliokatwakatwa, konzi mbili
- Mafuta ya kupikia na chumvi

Jinsi ya kutayarisha
1. Chambua omena, zioshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, kisha uzikaange hadi zikauke.
2. Kaanga kitunguu, nyanya na mboga hadi maji yakauke. Changanya na omena.
3. Pasua mkate vipande vidogo na uvipange kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, ukibadilishana tabaka la mkate na la omena.
4. Piga mayai na maziwa, tia chumvi, umwagie juu. Acha kwa dakika 20 ili mkate unyonye.
5. Oka kwenye oveni kwa nyuzi 180 kwa takriban dakika 40.

Wasio na oveni watumie sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini. Ipashwe moto kwanza, kisha sufuria ndogo iwekwe juu ya mchanga, kubwa ifunikwe, na makaa machache yawekwe juu ya kifuniko. Chakula huiva kwa takriban dakika 45 hadi saa moja. Kisu kikichomwa katikati kitoke bila yai bichi.

Jiko la makaa litumike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Moshi usioonekana wa makaa huua ndani ya nyumba iliyofungwa.

Uvuvi wa omena unapofungwa, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, maharagwe au ndengu zilizochemshwa zinaweza kuchukua nafasi yake.

Chakula kikibaki, kiwekwe kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, na kipashwe hadi kitoe mvuke kabla ya kuliwa. Wasio na friji wapike kiasi kitakachomalizika siku hiyo. Yeyote atakayetapika au kuharisha mfululizo baada ya kula afikishwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu.