Maana ya 'schedule': neno dogo linaloweza kukufanya uachwe na treni

Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, ni mji wa stesheni. Upo kwenye reli ya zamani ya Tabora–Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Kwa wakazi wake, ratiba ya treni ni jambo la kila siku.

Ila siku hizi ratiba haiishii kubandikwa ukutani. Inaingia kwenye simu, mara nyingi kwa Kiingereza, ikiwa na neno 'schedule'. Neno hilo lina maana zaidi ya moja, na kila moja ina uzito wake mfukoni.

Limetoka wapi?

Asili yake ni Kilatini, na mwanzoni lilimaanisha kipande kidogo cha karatasi. Baadaye likawa karatasi inayoambatanishwa na waraka mkubwa. Maana ya mpangilio wa saa ilishika kasi karne ya 19, wakati wa reli, hasa Marekani.

Waingereza hulitamka kama 'shedyuli', Wamarekani 'skejuli'. Zote ni sahihi.

Maana ya 1: ratiba

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Ratiba ya treni, ya mitihani, ya ligi, ya usaili wa kazi. Ratiba ya chanjo nayo ni 'schedule': mtoto huanza anapozaliwa, anarudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18.

Vijana mjini wakisema "skejuli yangu imebana", wanamaanisha hawana nafasi.

Maana ya 2: kupanga

Hapa neno ni kitenzi. Ukiandikiwa kwamba kikao kimekuwa 'scheduled' Jumatatu, maana yake kimepangwa Jumatatu. Hakijafanyika bado, ila siku ipo.

Maana ya 3: jedwali

Kwenye sheria za Tanzania, sehemu zinazoambatanishwa mwishoni huitwa 'schedule' kwa Kiingereza na 'Jedwali' kwa Kiswahili: Jedwali la Kwanza, la Pili, na kuendelea. Hapo neno halihusu saa. Ni ile maana ya zamani ya karatasi iliyoambatanishwa.

Kwenye mikopo lipo pia. 'Repayment schedule' ni jedwali la marejesho: tarehe za kulipa, kiasi cha kila rejesho na salio linalobaki.

Hapa mkulima awe makini. Pamba ya Simiyu kwa kawaida huanza kuuzwa mwezi Mei. Jedwali likimtaka alipe kila mwezi kuanzia Januari, atadaiwa wakati pamba ingali shambani. Riba inaweza kuwa nafuu kabisa, lakini tarehe zikamuumiza. Jedwali lisomwe kabla ya kusaini, siyo baada.

Misemo inayochanganya

'On schedule': mambo yanaenda kama yalivyopangwa.

'Ahead of schedule': kazi imetangulia muda wake.

'Behind schedule': kazi imechelewa. Mfano uko jirani. Jiwe la msingi la reli ya kisasa ya SGR Mwanza–Isaka, yenye kilomita 341 na inayopita ukanda huohuo, liliwekwa Juni 2021, na mkataba ulitaja miezi 36. Muda huo ulifika mwaka 2024 kazi ikiwa haijakamilika. Hiyo ndiyo 'behind schedule': mradi haujafutwa, ila umepitiliza tarehe.

'Rescheduled': imepangwa upya. Hapa wengi hukosea. Safari au usaili ukiwa 'rescheduled', haujafutwa. Kilichobadilika ni siku au saa. Kufutwa ni 'cancelled'. Anayechanganya haya mawili anakaa nyumbani wakati wenzake wanaingia kwenye chumba cha usaili.

'Subject to change': ratiba inaweza kubadilika, kwa hiyo ulizia tena kabla ya kutoka.

Mtego wa saa

Hata anayejua neno lenyewe anaweza kuachwa kwa sababu ya hesabu. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama. Ratiba za Kiingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa 6.

Namna ya kugeuza ni rahisi:

- 07:00 toa 6, unapata saa 1 asubuhi.
- 13:00 toa 12 inabaki 1. Ongeza 6, unapata saa 7 mchana.
- 19:00 toa 12 inabaki 7. Toa 6, unapata saa 1 usiku.
- 22:30 toa 12 inabaki 10:30. Toa 6, unapata saa 4 na nusu usiku.

Mtego mkubwa zaidi ni wa usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa tarehe 5, saa 00:30, hiyo ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 5. Abiria anatakiwa awe stesheni tarehe 4 usiku. Akienda tarehe 5 usiku, treni ilishaondoka tangu usiku uliotangulia.

Kiswahili kinatosha

Hakuna ulazima wa kusema 'schedule' kwenye kila sentensi. Ya muda, sema ratiba. Ya sheria au mkopo, sema jedwali. Ya vitu vilivyopangwa kwa mfuatano, sema orodha. Kama ni kitendo, sema kupanga.

Na ujumbe wa Kiingereza ukiingia kwenye simu, mambo ya kuangalia ni matatu: tarehe, saa iliyogeuzwa kwa Kiswahili, na kama safari imepangwa upya au imefutwa. Ukikwama, mpigie aliyeutuma umuulize hivi: "Ni saa ngapi ya Kiswahili, na ni usiku wa kuamkia lini?"