Jasho la Usiku Lisilo Malaria

Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wa nyanda za Kamina, mkoani Haut-Lomami nchini Kongo, huwa na baridi inayowalazimisha watu kujifunika mablanketi. Na mwanamke wa huko aliyekwisha kutimiza miaka 48, akiamka katika usiku kama huo amelowa jasho, moyo ukimwenda mbio na uso ukimwaka, jambo la kwanza linalomjia yeye na jamaa zake ni malaria. Dhana hiyo si ya kuchekwa, maana Haut-Lomami ni nchi ambayo maradhi hayo hayaondoki kabisa mwaka mzima; walakini aghalabu humfanya mama huyo ameze vidonge mwezi baada ya mwezi, bighairi ya kupimwa, kwa ajili ya harara ambayo asili yake si mbu bali ni kukoma kwa hedhi.

Harara hiyo ina tabia zake. Huanza kifuani ghafula, ikapanda shingoni na usoni, ikadumu dakika 1 hadi 5 hivi, jasho likatoka, kisha ubaridi ukafuata. Na kipimajoto kikitiwa kwapani wakati huo kwa kawaida hakionyeshi homa. Malaria hushika kwa saa nyingi, ikaleta maumivu ya kichwa na viungo, kutapika na unyonge. Kipimo cha haraka cha tone la damu hupambanua, ingawa si kwa ukamilifu: watu wazima walioishi na malaria tangu utoto huweza kuchukua vimelea bila kuugua, na kipimo cha aina itumikayo sana huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo mama akitibiwa sawasawa na jasho likaendelea vilevile, mganga hana budi kumwuliza habari za hedhi yake. Na akiwa anakohoa kwa wiki 2 au amekonda, apimwe kifua kikuu na virusi vya ukimwi, ambavyo navyo huleta jasho la usiku.

Umri unapokaribia miaka 50, vifuko vya mayai hupunguza utoaji wa estrojeni, homoni ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutuliza seli za ubongo zinazotawala joto la mwili. Zikikosa utulivu huo, seli hizo huwa kama mlinzi mwoga apigaye ngoma ya hatari kwa kuona kivuli: joto likizidi kwa kiasi ambacho zamani kisingejulikana, mwili huamrishwa kupanua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Hedhi ikikosekana miezi 12 mfululizo ndipo husemwa kuwa imekoma, na kabla ya hapo mimba bado yawezekana. Harara yaweza kutangulia wakati huo na kuendelea baadaye, jumla yake kwa wengi ikapata miaka 7 hivi.

Hiyo ni miaka mingi mno kwa mtu kuambiwa avumilie tu. Nguo za pamba zilizolegea, kitenge chepesi cha kujifunika badala ya blanketi moja zito, na maji baridi kando ya kitanda huleta faraja, japokuwa hayazuii harara yenyewe. Wanawake wengi huona kuwa pilipili, chai kali ya jioni na pombe kali ya lutuku huichochea. Ushahidi wa hayo si mzito, lakini kujaribu kuviacha hakugharimu kitu, na lutuku haina siha ya kumpa mtu kwa vyovyote. Mifupa nayo hupungua nguvu kwa kasi estrojeni inapopungua, kwa hiyo dagaa waliwao na mifupa yao, pamoja na lengalenga, huufaa mwili zaidi ya bukari, yaani ugali, mtupu.

Tiba iliyo na nguvu kupita zote ni homoni yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani ambao sehemu yake ilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 2002 uliwatia watu hofu ya saratani ya matiti na viharusi, nao madaktari wengi wakaacha kuiandika. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu ikome, manufaa kwa kawaida huzidi madhara. Aliye na kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, na tiba hiyo haimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetant, kidonge kisicho homoni kinachotuliza seli zile zile za ubongo, ila ini la mtumiaji lazima lipimwe. Dawa hizi si rahisi kupatikana mbali na miji mikubwa, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma isiyosemwa, kwa kuwa wanaodhulumiwa huona haya kusema.

Ukavu wa ukeni unaofanya tendo la ndoa kuwa maumivu una tiba vilevile, nayo si mizizi itiwayo ndani. Na damu itokayo baada ya miezi ile 12, hata ikiwa matone, isihesabiwe kuwa hedhi imerudi: mwenye nayo na achunguzwe saratani ya mlango wa kizazi na ya kizazi chenyewe, ijapokuwa uchunguzi huo utamlazimu kushika njia ya reli kutoka Kamina hadi Lubumbashi.