Kila kishimu na mti wake: tupande mutondo katika lupango

Mwezi wa kumi na mbili, wakati bishimu wabichi wanafika kwenye soko, ba mama wengi wa kambi zetu wanauliza bei tu na kuendelea na njia. Sisi watu wa sendika tunagombana juu ya mshahara kila mwaka, na hatutaacha. Lakini mwaka huu ba mama walituletea neno lingine. Walisema: "Ba delege, zamani bishimu tulikuwa tunaokota hapa hapa nyuma ya kambi. Leo binatoka mbali na lori. Miti iliisha, njo maana bishimu biliisha."

Wana haki. Na kwa kuwa jambo hili linagusa sahani ya mfanyakazi, tumeamua kuliandika hapa, pamoja na yale ambayo familia inaweza kufanya katika lupango yake.

Kishimu ni mtoto wa kipepeo. Wazazi wa wale tunaokula ni hasa vipepeo wa usiku, wale wanaokuja kupiga-piga mabawa kwenye taa ya barza mvua zikianza. Mama kipepeo hatagi mayai fasi yoyote. Anatafuta mti ambao watoto wake wataweza kula, sababu kishimu akitoka kwenye yai ni mwembamba sawa uzi, hawezi kutembea mbali. Kuna wenye kula miti mingi, kuna wenye kuchagua sana. Katika pori letu la miombo, mti unaolisha wengi ni mutondo, ambao wataalamu wanauita Julbernardia paniculata. Tunkubiu, wale wa mwisho wa mvua, wanaula sana. Nyuma yake kuna musamba na ndugu zake wa ukoo wa Brachystegia, halafu kayimbi. Profesa François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, aliandika aina zaidi ya 30 za bishimu wanaoliwa kusini mwa Katanga. Kishimu akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni proteini. Mama mwenye watoto watano na kipande cha samaki kimoja anaelewa maana yake bila mwalimu.

Shida ni kwamba mutondo na musamba inatoa pia makala mazuri. Tunakaa pembeni ya laini kubwa za umeme zinazokwenda migodini, na jikoni tunapika na makala. Halafu kuna fasi ambazo pori lilifyekwa juu ya kuchimba, kumwaga udongo na kupitisha barabara. Tunataja yote mawili, sababu katika mikutano kila upande unapenda kuonyesha mwingine kidole.

Sasa, lupango. Wengi wanajaribu kungoa kamti kadogo porini na kukapanda nyumbani. Kanakauka. Miti ya miombo inatuma mzizi wake chini sana kabla ya kurefuka juu, na ukikata mzizi ule umekata roho yake. Inafaa kuanza na mbegu. Maganda ya mutondo na musamba ni magumu, na wakati wa joto, kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi, yanapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Watoto wanajua sauti ile. Okota mbegu mara moja, acha zile zenye tundu la mdudu, na usiziweke miaka katika kopo: si mahindi. Mvua ya kwanza ikinyesha na udongo ukalowa vizuri, panda mbili-mbili fasi ile ile mti utakapoishi, chini kwa kadiri ya nusu ya kidole.

Katika shimo tia udongo uliotoka chini ya mutondo mkubwa. Hiyo si dawa ya kienyeji. Mizizi ya miti hii inaishi pamoja na uyoga, na uyoga unausaidia mti kunywa na kula katika udongo maskini. Ni ukoo ule ule wa buyoga tunaokula mvua zikianza.

Halafu subira. Miaka ya kwanza utaona majani machache tu, kimo cha kiganja, na jirani atakucheka. Chini mzizi unafanya kazi. Zungushia miiba juu ya mbuzi, na usipande karibu na ukuta wala bomba la maji, sababu mti huu utakuwa mkubwa. Lupango ikiwa ndogo, familia tatu au nne zipatane juu ya fasi moja ya wote.

Kuna njia ya haraka zaidi, na kwa sisi njo bora. Kambi nyingi za pembeni zina visiki vya mutondo ambavyo watu wanavikata kila mwaka. Kisiki kina mzizi wa zamani, mzima. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ondoa mengine, zuia moto na panga. Yatakimbia kuliko mbegu yoyote, na kama pori lingine halijaisha kabisa, vipepeo watayapata.

Kama pori limekwisha, kishimu anaweza kubebwa. Kule Kongo Central kuna watu wanaochukua bishimu wadogo porini na kuwaweka kwenye mti ule ule wa aina yao karibu na nyumba, wakue pale. Kata kitawi chenye bishimu wenyewe, kifunge kwenye tawi la mti wako, na wao watahama majani ya zamani yakinyauka. Mti mdogo usiubebeshe wengi.

Kitu kimoja kinasahaulika sana. Bishimu wengi wakimaliza kula wanashuka na kuingia udongoni, na huko wanangoja mpaka mvua nyingine. Ukiokota wote, mwaka ujao hakuna wazazi. Ukilima na kufagia chini ya mti wakati wa kiangazi, unawatoa kwenye jua na kuku. Na moto wa mwezi wa tisa na wa kumi unaunguza majani mapya pamoja na wale waliolala chini. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, Wabisa wanachoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu, na machifu wao ndio wanafungua na kufunga siku za kuokota. Tusione haya kujifunza kwa jirani.

Tuseme neno juu ya mti wa ndimu na wa machungwa, sababu karibu kila lupango inao. Vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano wanaozunguka pale mchana wanataga kwenye majani yake. Mtoto wao mdogo anafanana na mavi ya ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu mbaya. Huyo haliwi. Ba mama wanammwagia dawa ile ile ya mboga, na dawa inaua kila kitu, hata nyuki wanaozalisha matunda. Mti mkubwa unavumilia bishimu kumi bila shida. Kwenye mti mchanga, watoe kwa mkono na uwahamishe kwenye mkubwa. Na watoto wa shule waachiwe mmoja katika chupa yenye majani ya ndimu na kifuniko chenye matundu: watamwona akijifunga, kisha akitoka na mabawa.

Tunafika kwenye jambo zito. Si kila lupango inafaa kwa bishimu wa kula. Mwaka 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali. Vumbi lile lile linaanguka kwenye jani, na kishimu anakula jani zima. Kukamua tumbo la kishimu na kumwosha kunatoa majani na vumbi la juu. Kile kilichokwisha kuingia mwilini mwake hakitoki kwa maji. Kwa hiyo, ndugu mnaokaa karibu na tanuru au barabara ya malori ya madini, pandeni miti juu ya kivuli, vumbi na vipepeo, lakini sufuria msiipeleke pale. Miti ya chakula iwe mbali, upande upepo unakotoka.

Hapo tunarudi kwenye kazi yetu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni ipatane na wenyeji kwa cahier des charges, na itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kwenye karatasi hizo tunaona visima, madarasa, majengo ya afya, na ni vema. Miti ikiandikwa, mara nyingi ni kalitusi. Sisi hatujaona bado mama akiokota sahani ya bishimu chini ya kalitusi. Tunataka kitalu cha miti ya miombo kiandikwe kwa jina, mutondo, musamba, kayimbi, pamoja na mlinzi mwenye mshahara na kipande cha pori ambacho hakitakatwa, mbali na vumbi. Kabla ya kufyeka fasi mpya, ba mama wapewe siku za kuokota mbegu, na udongo wa juu uwekwe pembeni usizikwe chini ya mawe.

Delege wa kila kambi aanze sasa kuhesabu visiki vilivyo hai na kuandika ni mti gani. Orodha hizo tutazibeba kwenye mazungumzo yanayokuja. Mbegu zitaanza kupasuka mwezi wa nane. Mifuko ya kitambaa ni mizuri kuliko ya plastiki, ambamo zinaoza.