Kiwewe chuoni (2): Nimwambie nani?

Wiki iliyopita tulieleza kiwewe ni nini, na kwa nini mwili hukataa kuamini kwamba hatari imekwisha. Leo tunaingia bwenini. Wanafunzi wanaopatwa na hali hii mara chache huanza kwa kuuliza wanaumwa nini. Swali lao la kwanza ni hili: nimwambie nani?

Alfajiri ya Jumapili, 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ilileta mlipuko karibu na mabweni ya bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na bunduki wala mtu mwenye nia mbaya. Hata hivyo wanafunzi waliruka kutoka madirisha ya ghorofa za juu na kukanyagana ngazini. Mmoja alikufa, zaidi ya mia moja wakaumia. Rudi nyuma siku kumi tu utaelewa. Tarehe 2 Aprili, alfajiri vilevile, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu cha Garissa, na jioni ilipofika watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wanafunzi.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kikuyu ilituongezea jambo ambalo methali haikulitaja: waliokurupuka hawakuwa wameumwa wao. Nyoka alimuuma komredi mwenzao, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Sisemi kwamba wote walikuwa wagonjwa. Hofu ya siku kumi baada ya msiba kama ule ni hofu ya mtu mwenye akili timamu. Madaktari hulitaja jina zito, msongo wa baada ya kiwewe, pale tu dalili zinapodumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha. Kumbukumbu humvamia mtu bila kuitwa, usingizini au mchana kweupe. Hukwepa kila kinachomrudisha kule. Moyo hufa ganzi au hujaa hatia, hasa hatia ya kunusurika wakati wengine hawakunusurika. Mwili nao hukaa macho, hautaki kulala zamu.

Chuoni dalili hizi huvaa nguo nyingine, ndiyo maana hatuzitambui. Huyu hukaa siku zote karibu na mlango wa ukumbi wa mihadhara. Yule husoma ukurasa mmoja mara tano asijue umesema nini, akafeli somo alilolipenda. Mwingine hazimi taa usiku, na rumeti wake analalamika kwa kila mtu. Tunawaita wavivu, wenye maringo, wapenda makuu. Tukiwa na huruma kidogo tunawaambia wajikaze kisabuni.

Anayeshuku kwamba ana hali hii hujizuia kwa sababu moja kubwa: hana uhakika. Anaona aibu kumsumbua mtu kwa ugonjwa ambao huenda si ugonjwa. Nami namwambia kwamba cheti cha daktari hakihitajiki ili kuomba mtu wa kukaa naye. Uchunguzi ni kazi ya mtaalamu, na wala usiufanye kwa video za dakika moja kwenye simu. Kampani ni kitu kingine, na unaweza kuiomba leo.

Isitoshe, jina lenyewe la ugonjwa huu limetoka, kwa kiasi kikubwa, kwenye vikao vya waathirika wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1970, maveterani wa Vita vya Vietnam walianza kukutana mjini New York kuzungumza waliyoyaona na waliyoyatenda vitani. Waliwaalika madaktari wa akili, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, waje kukaa nao. Zingatia nani alikuwa mwenyeji: madaktari walikuwa wageni katika kikao cha askari. Walichokisikia mle wakakipigania kwa miaka, hadi mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouingiza ugonjwa huu katika mwongozo wake rasmi. Wenye jeraha walilitambua kabla ya kitabu.

Kilichowasaidia ni kwamba hawakulazimika kueleza kila kitu tangu mwanzo. Fikiria wale walionusurika Garissa. Baadhi walijificha makabatini; mmoja alitolewa humo baada ya siku mbili. Masomo yao yakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kati ya wenzao ambao msiba huo waliuona kwenye televisheni. Katika mazingira kama hayo, mtu mmoja anayejua kwa nini umeshtuka mlango ulipobamizwa, bila kukuuliza, ana thamani kuliko hotuba kumi za pole.

Basi umwombeje? Mchague mmoja, si kundi zima la WhatsApp. Mwambie unachotaka, na kiwe kidogo: "Usiku naogopa kwenda msalani peke yangu, naomba unisindikize." Au: "Sitaki ushauri. Kaa tu hapa mpaka nipate usingizi." Huna deni la kusimulia tukio lenyewe. Wengi hudhani msaada hununuliwa kwa simulizi, kwamba lazima ulipe kwa kufungua kidonda. Si kweli.

Na wewe uliyeombwa, hapa ndipo penye kosa kubwa la jamii yetu. Baada ya ajali ya basi au moto wa bweni, tunawakusanya walionusurika tukawaamuru waseme mmoja mmoja, "mtoe yote mioyoni". Nia ni njema, lakini utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Badala yake, mwongozo lilioutoa na wenzake mwaka 2011 unategemea vitenzi vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, amekula, amelala. Sikiliza akitaka kusema. Akinyamaza, nyamaza naye. Kisha muunganishe na mwenye ujuzi. Hakuna kitenzi cha kuchokonoa.

Je, vijana wanaweza kazi hii? Kenya tuna ushahidi wa karibu. Katika mradi wa Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn, vijana waliomaliza sekondari hupewa mafunzo, kisha huongoza vikundi vya wanafunzi shuleni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Lakini tusipige chuku: hiyo ni sonona na wasiwasi, si kiwewe, na vijana wale walifunzwa na kusimamiwa. Rumeti wako hakufunzwa wala hasimamiwi. Ana mitihani yake, na ukimtwisha jinamizi lako kila usiku, naye ataanza kuota.

Kwa hiyo rafiki ni daraja, hajengewi nyumba juu yake. Dalili zikipita mwezi, au pombe na miraa zikigeuka dawa ya usingizi, mpelekeni kwa mshauri nasaha, na nendeni wawili. Tiba ipo, tena ya mazungumzo yanayolikabili tukio lenyewe hatua kwa hatua, na watu hupona. Akitamka kwamba afadhali afe, ahadi ya kutunza siri imekufa hapo hapo: mwambie mlezi wa bweni usiku huo huo, usimwache peke yake. Nchini Kenya, simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo.

Neno langu la mwisho ni kwa wakuu wa vitivo. Mwanafunzi aliyevunjika mguu huahirishiwa mtihani bila maswali mengi, kwa kuwa plasta inaonekana. Anayeleta barua ya mshauri nasaha naomba apewe heshima hiyo hiyo, asihojiwe mbele ya karani na foleni nzima.

Wiki ijayo: yanayotokea siku ya kwanza katika chumba cha mshauri, na maswali unayoruhusiwa kukataa kuyajibu.