Kutuma chakula ng'ambo kwa meli: kikundi kijue nini kabla ya kutoa pesa

Akina mama watatu wa kikundi kimoja cha Kayole walitutembelea na mkebe wa siagi ya njugu karanga. Binti ya mmoja wao anaishi Leicester, Uingereza, na Wakenya wa huko wamemsumbua: hii siagi ya nyumbani tutaipata lini? Basi kikundi kilikuwa tayari kutoa akiba yote ya miaka miwili, kitengeneze mikebe karibu 800 na kuituma kwa meli. Swali lao kwetu lilikuwa moja tu: ni nani anayebeba mzigo kwa bei nafuu?

Tuliwaambia waketi kwanza, tunywe chai. Maneno ni mengi kuliko hayo, na kwa vile vikundi vingine vimetuuliza swali hilo hilo, tunaandika hapa yale tuliyozungumza.

Mkazi wa Embakasi hahitaji kuelezwa kontena ni nini. Bandari ya nchi kavu imekuwa pale tangu 1984, na tangu Januari 2018 treni ya mizigo ya reli mpya inabeba kontena kati ya hapo na Mombasa. Kontena la futi 20 lina nafasi ya kama mita 33 za ujazo. Kikundi hakiwezi kulijaza. Kinachofanyika ni kukodi nafasi kidogo ndani ya kontena moja na wateja wengine, na ajenti wa mizigo ndiye anayewakusanya. Ni kama matatu: kila mtu analipia kiti chake, na mara nyingi haiondoki mpaka ijae. Kwa hivyo ukiambiwa tarehe ya kuondoka, uliza tena.

Nafasi hiyo huuzwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, ile itakayotoa hesabu kubwa zaidi. Chukua katoni yenye urefu wa sentimita 40, upana 30 na kimo 25. Ukizidisha unapata mita 0.03 za ujazo, maana yake katoni 33 zinaingia katika mita moja. Kila katoni ikiwa na mikebe 24, hiyo ni mikebe 792. Uzito wake wote haufiki hata nusu tani, kwa hivyo mtalipia nafasi, si kilo. Sasa tuseme mmenunua katoni za kimo cha 35 kwa sababu ndizo zilizopatikana. Zinaingia 23 tu. Mtakuwa mmelipa nauli ya hewa!

Tena ajenti akitaja bei, muulize: bei hiyo inafika wapi? Bei ya "mpaka bandarini" haihusu kushusha mzigo kule, kutoa kontena mali, forodha, wala gari la kufikisha nyumbani. Kuna kikundi cha mtaa mwingine ambacho hakikuuliza. Bidhaa zilifika salama, lakini gharama za upande wa pili zilimshinda mpokeaji, na ghala likaendelea kudai pesa kila siku. Mwishowe mzigo ulitupwa. Hawakuibiwa na mtu. Waliyapata yote hayo katika karatasi walizotia sahihi bila kusoma.

Jambo linaloharibu chakula baharini kuliko wengi wanavyodhani ni unyevu. Kontena likifungwa Nairobi lina hewa ndani. Linapata joto la Mombasa, kisha linaingia bahari za baridi. Bati la juu linapopoa, ule mvuke unageuka maji na kudondokea katoni. Watu wa meli huliita jasho la kontena. Mkebe uliofungwa vizuri utavumilia, lakini katoni italegea na lebo zitabanduka. Unga wa uji katika mfuko wa karatasi utaganda. Tumieni katoni nzito, mfuko wa plastiki ndani yake, na msifunge njugu au unga ukiwa bado na joto la kikaango. Siagi ya njugu nayo hutoa mafuta juu kukiwa na joto, na kifuniko kisicho na muhuri kitavuja. Jaribuni hivi: pindueni mikebe kichwa chini, muiache juani siku chache. Heri ivujie Kayole.

Kuhusu mbao: paleti zile tunazotengenezea viti hazifai kwa safari hii mpaka ziwe na mhuri wenye picha ya suke la ngano na herufi HT. Mhuri huo unaonyesha kwamba mbao ilipashwa moto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30, ili kuua wadudu. Bila huo, mzigo unaweza kuzuiwa kule.

Sasa tufike kwenye sumu. Ukuvu wa njugu na mahindi huacha sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani na haiishi kwa kukaangwa. Hapa kwetu mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Kipimo chake ni sehemu katika bilioni. Kenya inaruhusu sehemu 5 za aina ya B1 na 10 kwa jumla. Uingereza na Ulaya, kwa njugu zilizo tayari kuliwa, ni 2 na 4. Kwa hivyo mkebe wenye alama ya ubora ya KEBS unaweza kuwa halali Umoja na ukakataliwa kule. Pimeni kila fungu la njugu kabla ya kusaga, si mkebe mmoja tu kwa mwaka.

Lebo nayo isomwe na mtu makini. Vitu vinavyodhuru watu fulani, kama njugu, ngano, soya, maziwa na samaki, lazima vionekane wazi. Marekani iliongeza simsim mwaka 2023. Na wale wanaotengeneza unga wa uji wa mchanganyiko wasikilize hapa: ukitia omena au maziwa ya unga, masharti yanabadilika kabisa, kwa maana sasa mna kitu cha mnyama. Wa kwanza kutumwa uwe wa nafaka tupu.

Mkataba wa biashara wa Kenya na Uingereza ulioanza 2021 unaondoa ushuru, lakini ni kwa bidhaa yenye uthibitisho kwamba asili yake ni Kenya. Kama njugu zenu zilinunuliwa sokoni na zimetoka Malawi au Tanzania, mwambieni ajenti mapema.

Mwisho ni siku. Mwishoni mwa 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikazungukia Afrika Kusini, safari ikaongezeka kama wiki mbili. Siagi iliyoandikwa miezi 6 inaweza kufika ikiwa imebaki na mitatu, na mwenye duka ataisukuma kando.

Wale akina mama walirudi nyumbani wakapeleka sampuli maabara kabla ya kitu kingine. Majibu yalikuja: B1 ni 4, jumla 6. Hapa Kenya inauzwa bila tatizo. Leicester haiingii. Hawakufurahi, na mmoja alituuliza kama tumewaletea mkosi. Sasa wamebadilisha aliyekuwa akiwauzia njugu, na kila Jumamosi wanakaa kwenye mkeka wakichambua moja baada ya nyingine, zilizonyauka na zenye doa zinatupwa. Sampuli ya pili wataipeleka mwezi ujao. Akiba bado iko benki.