Video ya wimbo ndani ya ukumbi mmoja: hesabu kwa msanii wa Rubavu asiye na mdhamini

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

Msanii chipukizi wa Gisenyi akishamaliza kurekodi wimbo wake, swali linalomsubiri ni moja: video itapigwa wapi, na kwa fedha za nani?

Wako wanaojibu kwamba watapiga ufukweni mwa Ziwa Kivu, kwa kuwa mandhari hailipiwi. Wengine hukopa fedha, wakapanda basi hadi Kigali, safari ya kilomita zipatazo 150, kisha wakalipia studio, malazi na chakula cha kundi zima. Wa ufukweni hurudi na picha zinazofanana na za wenzake waliopiga hapo hapo, upepo na watazamaji wakiwa wamemvuruga. Wa Kigali hurudi na video nzuri na deni, na siku ya kuitangaza hana hata nauli ya kwenda redioni.

Iko njia ya tatu ambayo haizungumzwi sana. Ni kukodi ukumbi mmoja hapa hapa Rubavu, kujenga seti ndogo ndani yake na kumaliza kazi kwa siku moja. Njia hii inawezekana, lakini haimsamehe mtu asiyepanga.

Udogo wa seti si aibu

Wapo wanaodhani kwamba video ya ndani ya chumba ni dalili ya ufukara. Historia inasema vingine. Mwaka 1975 kundi la Queen la Uingereza lilipiga video ya "Bohemian Rhapsody" katika studio za Elstree kwa muda wa saa nne hivi. Mwaka 2006 kundi la OK Go la Marekani liliweka mashine za mazoezi ya kukimbia sakafuni, likasimamisha kamera mahali pamoja na kurudia dansi hadi ikatoka bila kosa. Video hiyo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2007. Beyoncé, ambaye hakukosa fedha, alipiga "Single Ladies" mwaka 2008 akiwa na wachezaji wawili tu mbele ya ukuta mtupu, na mwaka uliofuata MTV ikaitangaza video ya mwaka.

Karibu nasi, Uganda ilitoa somo kama hilo mwaka 2014. Video ya watoto wa Ghetto Kids wakicheza "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo ilizunguka dunia nzima. Haikuwa na magari wala majumba ya kifahari. Ilikuwa na watoto waliojua kucheza.

Video zote hizo zina wazo moja lililo wazi na mazoezi ya kutosha. Mazoezi ndicho kitu pekee katika kazi hii ambacho msanii maskini anaweza kuwa nacho kwa wingi kuliko tajiri.

Kwa nini ukumbini

Rubavu ni wilaya ya mvua. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli hurudi Septemba hadi Desemba. Wakazi hawajasahau usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulipofurika na kubomoa nyumba. Anayepanga kupiga nje anacheza kamari na mawingu, na kila siku inayoahirishwa inalipiwa: mpiga picha, wachezaji, nauli, vyote upya.

Ndani ya ukumbi mvua haina neno. Hata kelele za matone juu ya mabati hazidhuru, kwa sababu sauti ya video haitoki ukumbini. Msanii anafuatisha midomo wimbo uliokwisha rekodiwa, kazi ambayo wanamuziki huiita pleibeki, na sauti safi ya studio huwekwa baadaye wakati wa kuhariri.

Ukumbi wenyewe unaweza kuwa wa shule wakati wa likizo, wa ushirika au ghala lililo tupu. Uwe na urefu wa mita nane hivi, ili kamera irudi nyuma na kumwona mtu mzima bila kubanwa. Madirisha yazibike kwa vitambaa vizito. Kagua kuta na dari pia. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 22, 2021, matetemeko yalipasua majengo mengi mjini hapa. Usiingize watu ishirini katika nyumba yenye ufa ambao hakuna fundi aliyeukagua.

Seti: tumia kilicho karibu

Wilaya hii ina utajiri ambao wasanii wa muziki husahau kuutumia. Shule ya sanaa ya Nyundo ilianzishwa mwaka 1952 na imefundisha wachoraji na wachongaji kwa vizazi. Mwaka 2014 Nyundo ikapata pia shule ya muziki, ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga. Kijana aliyefundishwa kuchora anaweza kukutengenezea ukuta wa nyuma kwa mbao nyembamba na rangi, na ukawa wako peke yako.

Fikiria michoro ya imigongo, ile ya pembe na mistari ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, asili yake mashariki mwa nchi. Mbao tatu au nne zilizochorwa hivyo zikisimamishwa nyuma ya msanii, tayari kuna seti ambayo mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataitambua kuwa ya Rwanda. Au nunua kitenge cha rangi moja inayotawala, kipigwe pasi vizuri na kutandazwa ukutani. Mikunjo huonekana kwenye kamera kuliko kwa macho.

Kuna wanaopenda kitambaa cha kijani, ili mhariri aweke mandhari ya mji au bahari baadaye. Kwa bajeti ndogo jihadhari nacho. Kitambaa hicho kinataka mwanga sawa kila sehemu, na msanii asimame mbali nacho, la sivyo kijani kitamrukia mabegani na kumzunguka kichwani. Matokeo mabovu ya kijani huchekesha. Ukuta uliochorwa kwa mkono, hata ukiwa na kasoro, unabaki kuwa ukuta wa kweli.

Taa kwanza, kamera baadaye

Vijana hubishana kuhusu aina ya kamera. Kamera ya kawaida, hata simu nzuri, ikipata mwanga mzuri hutoa picha bora kuliko kamera ya gharama iliyowekwa gizani. Tafuta taa tatu: moja kubwa ya upande mmoja wa uso, ya pili hafifu upande wa pili, na ya tatu nyuma ya msanii ikimulika nywele na mabega. Ile ya nyuma ni muhimu sana kwa mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweusi. Bila hiyo atamezwa na giza. Mwanga upimwe usoni pa msanii, si kwenye shati lake jeupe.

Taa kali ya dukani ilainishwe kwa shuka jeupe lililotundikwa mbele yake. Kama taa inapata moto, shuka likae mbali. Msanii asimame angalau mita mbili kutoka ukutani ili kivuli chake kisimfuate.

Kuna kosa jingine ambalo huonekana wakati wa kuhariri tu: picha kupepesa kama taa inayokaribia kuungua. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Mpiga picha akiweka kamera kwenye picha 25 kwa sekunde na kasi ya kufunga ya 1/50, kwa kawaida tatizo hilo huondoka.

Ukitaka mwendo wa pole wenye midomo inayolingana na wimbo, piga picha 50 kwa sekunde huku wimbo ukichezwa mara mbili ya kasi yake. Picha zikipunguzwa hadi 25, midomo hurudi kwenye mdundo. Msanii afanye mazoezi ya kuimba kwa kasi hiyo nyumbani, asijifunzie mbele ya taa.

Hesabu ya saa

Tuchukue wimbo wa dakika tatu na nusu. Andika orodha ya mipango minane ya kamera: mzima wa mbali, kiunoni, uso, mikono, wachezaji peke yao, na kadhalika. Kila mpango uimbwe mara tatu. Hayo ni marudio 24, sawa na dakika 84. Ongeza dakika 20 za kuhamisha taa kwa kila mpango, ambazo jumla yake ni 160. Utapata dakika 244, yaani zaidi kidogo ya muda wa saa nne, kabla ya chakula, vipodozi na kubadili mavazi. Basi siku moja inatosha, lakini kwa mtu aliyefika na orodha mkononi. Asiye na orodha atafika jioni ana picha nyingi za uso wake na hana hata moja ya wachezaji.

Hesabu ya faranga

Tuseme una faranga 300,000. Takwimu hizi ni za mfano. Bei halisi ulizie mwenyewe. Tenga 120,000 za mpiga picha na mhariri, 30,000 za ukumbi, 40,000 za seti, 40,000 za chakula na nauli, 20,000 za mavazi. Zimebaki 50,000. Hapo ndipo wengi huteleza kwa kuziongeza kwenye mavazi. Weka 20,000 za dharura, na 30,000 zisiguswe hadi siku ya kuitangaza video.

Usingoje mdhamini. Bralirwa, ambayo ina kiwanda chake cha bia hapa Gisenyi, ilidhamini mashindano ya Primus Guma Guma Super Star yaliyoanza mwaka 2011, na Tom Close ndiye aliyekuwa mshindi wa kwanza. Waliopanda jukwaa lile walikuwa wamekwisha kujulikana. Mdhamini humfuata mtu aliyeanza kutembea.

Mpaka na maandishi

Gisenyi na Goma ni miji iliyogusana. Ni hapa Gisenyi ambako mkataba wa kuunda CEPGL ulitiwa saini mwaka 1976, na wanamuziki wa pande mbili wamezoea kushirikiana. Mchezaji hodari au mhariri anaweza kuwa ng'ambo ya kizuizi. Lakini mpaka una saa zake, na umewahi kufungwa, kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19. Anayevuka na kamera aulize forodha mapema. Na kwa kila mtu wa ng'ambo, uwe na mtu wa upande huu anayeweza kushika nafasi yake.

Jambo la mwisho huonekana dogo hadi fedha zitakapoanza kuingia: makubaliano. Rwanda ina sheria ya kulinda haki miliki, lakini ni vigumu kwa sheria kukusaidia iwapo mlikubaliana kwa mdomo tu. Andikeni ukurasa mmoja. Useme video ni ya nani, picha ghafi zitakaa kwa nani, marekebisho yatafanywa mara ngapi bila malipo mapya, itakabidhiwa lini na kila mchezaji atalipwa nini. Msichana anayecheza ajue mapema atavaa nini na atapigwa vipi, aweze kukataa. Aliye chini ya miaka 18 asisimame mbele ya kamera bila idhini ya mzazi.

Usiku wa siku ya kupiga, kabla ya kula, nakilini picha zote mahali pawili tofauti na kila nakala ilale nyumba yake. Kisha mhariri apewe wimbo ule ule uliochezwa ukumbini, si toleo jingine lililobadilishwa na prodyuza, kwani tofauti ya nusu sekunde hutosha kuvuruga midomo yote. Wimbo ukiwa na mashairi ya Kinyarwanda, omba maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na watazamaji wake wako kuanzia Bukavu hadi Mombasa. Zile faranga 30,000 zilizobaki zikufikishe kwao.