Nguvu ya Mwanamichezo Yaanzia Chunguni

Tarehe 28 Julai, 2024, timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini iliishinda Puerto Rico kwa pointi 90 kwa 79 katika Michezo ya Olimpiki nchini Ufaransa. Taifa hilo lilikuwa limetimiza umri wa miaka 13 tu tangu lipate uhuru. Ushindi wa namna hiyo huwatia hamasa vijana wa Juba, wakiwemo askari na polisi wanaokimbia alfajiri kabla ya kwenda lindoni. Lakini hamasa huja na kishawishi chake: makopo ya unga wa protini, vidonge vya vitamini na dawa za kutunisha misuli, ambazo husifiwa kwa picha za watu wenye vifua vipana.

Basi katika kila nyumba yapasa kuulizwa: je, mshahara ununue kopo la mtu mmoja, au ujaze chungu cha jamaa nzima?

Mtama na kunde

Mwili unaofanya kazi nzito huhitaji kwanza vyakula vya kutia nguvu. Wataalamu waliochunguza chakula cha wakimbiaji 10 mashuhuri wa Kenya, na kutoa matokeo yao mwaka 2004, waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na wanga na sukari: ugali, wali, viazi na chai ya maziwa. Hivyo ni vyakula vya kila siku, navyo vinafanana sana na asida na kisra za mtama zinazoliwa Juba.

Pili ni vyakula vya kujenga mwili. Mtu afanyaye mazoezi makali huhitaji kiasi cha gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Askari mwenye kilo 70, kwa hiyo, ahitaji gramu 84 kwa uchache. Gramu 500 za unga wa mtama zina takriban gramu 50 za protini; gramu 100 za maharage makavu zina 20; kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20; na gramu 50 za karanga zina 12. Jumla yake ni gramu 102, wala hakuna kopo lililofunguliwa. Tena protini ya mtama peke yake ina upungufu, na upungufu huo hutimizwa na kunde, maharage na karanga. Mama apikaye mboga za majani kwa karanga zilizosagwa, akaziandaa pamoja na asida, amefanya kazi ya mtaalamu.

Maji na chumvi

Mwezi Machi, 2024, serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufikia nyuzi 45. Katika hali kama hiyo, afanyaye mazoezi mchana hujihatarisha. Yafaa mazoezi yafanywe alfajiri au jioni, na maji yanywewe kidogo kidogo. Mkojo wa rangi nzito ni dalili ya upungufu wa maji. Aliyetokwa na jasho jingi huhitaji chumvi pia, nayo hupatikana katika mchuzi na chakula cha kawaida. Vinywaji vya kopo vyenye kafeini huuchangamsha moyo, lakini havichukui nafasi ya maji wala ya usingizi.

Damu

Wako watu ambao vidonge vyawafaa kweli. Wasichana na akina mama hupoteza madini ya chuma kwa hedhi, na malaria hupunguza damu kwa watu wote. Mkimbiaji anayechoka upesi na kuishiwa pumzi asikimbilie dukani. Aende zahanati akapimwe. Akina mama wajawazito waliopewa vidonge vya chuma waendelee kuvitumia kama walivyoagizwa. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwani mtoto akivimeza vingi vyaweza kumwua. Nyumbani, maini, samaki, maharage na majani ya kijani huongeza chuma, na limau au embe husaidia mwili kukipokea. Chai huzuia chuma kupokelewa, hivyo ni heri inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Kilichofichwa koponi

Maabara moja ya mjini Köln, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za lishe zilizonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001. Bidhaa 94 zilikutwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Sheria ya michezo duniani haimhurumii aliyedanganywa na muuza duka: kila mchezaji huwajibika kwa kitu kinachokutwa mwilini mwake, na adhabu yaweza kufikia miaka minne nje ya uwanja. Homoni hizo huweza pia kudhuru ini na moyo na kuondoa uwezo wa kuzaa.

Haisemwi kwamba kila kopo ni sumu. Vipo vichache, kama kreatini, ambavyo utafiti umethibitisha kwamba humwongezea nguvu kidogo mchezaji wa daraja la juu ambaye tayari hula, hunywa na hulala ipasavyo. Asiyepata mlo wa kutosha hawezi kuufidia kwa kijiko cha unga.

Askari arudipo nyumbani na mshahara, ambao pengine umechelewa, na apitie sokoni Konyo Konyo kununua mtama, kunde, karanga na samaki. Chakula hicho kitamjenga yeye, mkewe na watoto wake kwa pamoja. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.